Kilimanjaro au Tusker? Historia ya bia tunayoiita "yetu"

Wiki hii tuiache siasa ipumzike kidogo, tuongelee bia. Na nyie msiotumia kileo msikimbie, maana habari yenyewe ni ya historia na pesa kuliko ya kulewa.

Mtanzania na Mkenya wakikaa meza moja, dakika tano haziishi kabla ubishi haujaanza. Wataanza na Kiswahili: nani anakijua na nani anakivunja mbavu. Watahamia kwenye mlima, kwamba upo Tanzania lakini watalii wanaambiwa wauangalie kutoka Amboseli. Halafu watafika kwenye mpira. Na mpira ukishachosha, itabaki bia. Hapo ndipo watu wazima wenye digrii zao, ambao hawajui hata mkuu wa mkoa wao ni nani, watatetea chupa kama wanatetea mipaka ya nchi.

Mimi ni mtoto wa Moshi, kwa hiyo upande wangu mnaujua. Kwetu sisi mlima upo dirishani na upo kwenye lebo ya chupa. Ukikaa baa pale mjini jioni mawingu yakafunguka, unaweza kuinua chupa ya Kilimanjaro ukalinganisha picha na kitu chenyewe. Nani mwingine duniani ana starehe hiyo? Mkenya naye ana tembo wake wa Tusker, na atakwambia tembo huyo alikuwepo kabla babu yako hajazaliwa. Kwa miaka, hapo yuko sahihi.

Sasa swali langu la leo ni moja tu. Tunaposema hii ni bia yetu na ile ni yao, tunamaanisha nini hasa? Nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa muda, kwenye maktaba na kwenye taarifa za soko la hisa, na naomba niwape kwa mpangilio.

Tembo aliyeua mtu

Tuanze na jirani, maana ndiye mkubwa. Mwaka 1922 kule Nairobi, ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, pamoja na wenzao, walianzisha kampuni ya Kenya Breweries. Kiwanda kikawa Ruaraka. Mwaka uliofuata, 1923, George akaenda kuwinda tembo, na tembo akamuua. Nduguye akaamua bia iitwe Tusker kwa kumbukumbu yake. Yaani wale wanaoapa kwa jina la tembo yule wanakunywa kumbukumbu ya muwindaji aliyezidiwa na windo lake.

Na hapa Kiswahili chetu kina utani wake. Kwa watu wa pwani, tembo ni yule mnyama na tembo pia ni pombe ya mnazi. Kwa hiyo karne nyingi kabla ya Hurst, mgema alikuwa anashuka na tembo kutoka mnazini bila kuhitaji bunduki. Sisi huku baadaye tukaja na Ndovu, ambayo ni mnyama yule yule kwa jina lingine. Hata kwenye nembo tunaibiana!

Dar es Salaam ilipata kiwanda chake mwaka 1933, kikiitwa Tanganyika Breweries. Wazalendo wenzangu, hapa shikilieni viti. Miaka miwili tu baadaye, 1935, Kenya Breweries ikakinunua. Mwaka 1936 kampuni mama ikabadili jina ikawa East African Breweries. Maana yake ni kwamba bia ya Dar na bia ya Nairobi zililelewa nyumba moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Tunachogombania leo ni ugomvi wa ndugu wa tumbo moja waliogawana mashamba.

Na tusisahau ilikuwa ni nyumba ya nani. Bia ile ya chupa haikutengenezwa kwa ajili ya babu zetu. Sheria za kikoloni ziliwawekea Waafrika vikwazo kunywa vileo vya Kizungu, na vikwazo hivyo vilianza kulegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana kwa kizazi kile chupa ya bia mezani haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa ni alama kwamba na wewe ni mtu, una mshahara, na hakuna afisa atakayekuuliza kibali. Nadhani fahari tuliyonayo juu ya bia ilianzia hapo: ilianza kama haki kabla haijawa ladha.

Bia ya serikali

Uhuru ukaja, Tanganyika Breweries ikawa Tanzania Breweries. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na kampuni za bia zikawa miongoni mwa zile ambazo serikali ilichukua hisa nyingi. Benki, bima, saruji, viatu, na bia humo humo. Mwalimu hakuwa mtu wa baa, lakini serikali yake ikawa mwenye kiwanda.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika la ndege likagawanyika, reli zikagawanyika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mwaka huo huo wa 1977 ndipo Safari Lager ilipoanza. Kama mnataka tarehe ambayo bia ya Tanzania ilianza kuwa "yetu" kweli kweli, mimi ningechagua hiyo. Jirani amefunga mlango wake na sisi tumefunga wetu, kila mtu anywe ya kwake.

Tatizo ni kwamba ya kwetu haikutosha. Wazee waliokuwa vijana miaka ya themanini wanaisimulia habari hii huku wakicheka, ila wakati ule hawakucheka. Fedha za kigeni hazipo, vipuri hakuna, vizibo shida, chupa shida. Sherehe ya harusi ilihitaji kibali na kujuana na mtu. Ukipata kreti moja unaweka kwenye meza kuu, wengine wanaendelea na pombe za kienyeji. Watu wa Moshi na Arusha, kwa kuwa mpaka ni hapo tu Namanga, Tarakea na Holili, walijua njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa na harufu ya Tusker. Kwa hiyo katikati ya uzalendo wote ule, bia ya adui ndiyo ilikuwa inaokoa jahazi.

Mwaka 1993 serikali ikaingiza mbia: South African Breweries ya Afrika Kusini ikachukua nusu ya Tanzania Breweries na uendeshaji wake. Mitambo mipya ikaja, chupa zikajaa. Mwaka 1996 ikazaliwa Kilimanjaro Premium Lager. Mnaona? Bia ambayo mimi wa Moshi naitetea kama urithi wa mababu ni ya mwaka 1996. Na ilizaliwa pale Makaburu walipoleta pesa. Mwaka 1998 kampuni ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, moja kati ya za mwanzo kabisa.

Vita ya Moshi na Thika

Sasa tunafika nyumbani. Wakenya walipoona Wasauzi wameingia Tanzania, hawakulala. East African Breweries ikaja na kiwanda Moshi, kikaitwa Kibo Breweries. Yaani chini ya mlima wetu, kwa jina la kilele chetu, inapikwa bia ya Nairobi! Wasauzi nao wakajibu kwa kujenga kiwanda cha Castle kule Thika, si mbali sana na Ruaraka. Kila mmoja akapiga hema kwenye uwanja wa mwenzake.

Magazeti ya wakati ule yaliita vita ya bia, na ilikuwa vita kweli: matangazo, bei, fulana za bure, miamvuli kwenye baa, friji za bure kwa wenye baa. Mnywaji alifaidi. Mji wa Moshi ulifaidi pia, maana kiwanda ni ajira, ni malori, ni mama ntilie wa getini, ni kodi. Mji uliokuwa umeshazoea kuona viwanda vyake vya enzi ya Ujamaa vikidorora ulipata moshi mpya kwenye bomba.

Mwaka 2002 wakubwa wakakaa mezani. Makubaliano yakawa hivi: Wasauzi wanafunga Thika, Wakenya wanaachia Moshi. Tanzania Breweries itapika Tusker kwa leseni, Kenya Breweries itapika Castle kwa leseni. Halafu wakabadilishana hisa: East African Breweries ikapata asilimia 20 ya Tanzania Breweries, na wale wa Sauzi wakapata asilimia 20 ya Kenya Breweries. Kibo Breweries ikafungwa.

Soma tena hapo taratibu. Siku ambayo Mtanzania na Mkenya walikuwa baa wakitukanana kuhusu bia ya nani ni maji ya mtaro, bia zenyewe zilikuwa zimeshaoana. Aliyekunywa Kilimanjaro alimpa Mkenya gawio. Aliyekunywa Tusker alimpa mwenye Kilimanjaro gawio. Waliobaki na hasara ni wawili: mnywaji, ambaye ushindani uliondoka na ofa zake, na mji wa Moshi na mji wa Thika, ambayo ilibaki na mageti yaliyofungwa.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa. Hakuna aliyeuliza watu wa Moshi. Fahari yetu ilikuwa kwenye lebo, kiwanda kilikuwa kwenye karatasi za watu wengine, na karatasi ndiyo ilishinda.

Timu ya taifa na chupa yake

Mpira nao ukaingia humo humo. Katika ile miaka ya leseni tulikuwa na Kombe la Tusker hapa hapa Tanzania, Simba na Yanga wakiligombea kwa jasho na damu. Baadaye Kilimanjaro ikawadhamini Simba na Yanga wote wawili, watani wa jadi chini ya chupa moja. Taifa Stars ya enzi za kocha Marcio Maximo ilikuwa na Serengeti. Kisha mwaka 2012 Kilimanjaro ikaichukua Stars, na mwaka 2017 Serengeti ikarudi.

Na kuna lile la Desemba 2010, ambalo kila Mtanzania anapaswa kulikumbuka kwa furaha na kwa kicheko. Tulichukua Kombe la Chalenji Dar es Salaam kwa kuifunga Ivory Coast 1-0, penalti ya nahodha Shadrack Nsajigwa. Taifa zima likashangilia. Jina rasmi la mashindano yale? CECAFA Tusker Challenge Cup. Tembo wa Ruaraka tulimbeba sisi.

Ndiyo nifike kwenye dau. Juni 2019 timu zetu mbili zilikutana Cairo kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Sisi tulikuwa hatujafika huko tangu Lagos 1980, wao tangu 2004. Nilikuwa chuo wakati huo, na nilikuwa na rafiki Mkenya, mtoto wa Nairobi, tuliyekuwa tunabishana naye tangu siku ya kwanza tulipokutana. Tukawekeana dau: Stars ikishinda, ananiletea kreti ya Tusker niimwage au niinywe nitakavyo. Harambee ikishinda, nampelekea kreti ya Kilimanjaro. Mashahidi wakawepo, mikono ikashikwa.

Tarehe 27 Juni. Simon Msuva anafunga dakika ya sita, mimi niko juu ya kiti. Dakika ya 39 Michael Olunga anasawazisha, na kabla yule jamaa hajamaliza kuruka, dakika ya 40 Samatta anatupia la pili. Mapumziko 2-1. Nikamwambia aanze kutafuta usafiri wa kreti. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga tena. 3-2. Kimya.

"Leta tu kreti, buda," akaniambia. "Kilimanjaro hatuibagui, sisi tunaiona vizuri sana kutoka kwetu."

Nililipa, mwanaume halipwi maneno. Tukainywa pamoja na mashahidi, mhudumu akituuliza kila chupa "baridi au moto?", na ubishi ukaendelea mpaka saa nane usiku.

Lakini tazama utamu wa historia. Usiku ule mdhamini wa Taifa Stars, bia iliyokuwa nyuma ya jezi za Watanzania wote, ilikuwa Serengeti. Serengeti Breweries ni kampuni iliyoanzishwa na Watanzania, na kwa muda ilikuwa ndiyo jibu la wazalendo kwa wote wawili, Mkenya na Msauzi. Mwaka 2010 East African Breweries ilinunua asilimia 51 yake. Haikuwezekana kukaa pande zote mbili, kwa hiyo mwaka 2011 ikauza ile asilimia 20 yake ya Tanzania Breweries, na ile ndoa ya 2002 ikavunjika. Kwa hiyo Cairo, Stars ilicheza na Harambee huku ikilishwa na kampuni yenye wakubwa Nairobi. Na Kilimanjaro niliyolipa dau nayo? Mwaka 2016 mabwana wa Tanzania Breweries, ambao wakati huo walishaitwa SABMiller, walinunuliwa na AB InBev yenye makao yake Leuven, Ubelgiji, wale wale wenye Budweiser. Nahodha wetu Samatta wakati ule alikuwa anachezea Genk, Ubelgiji hiyo hiyo. Mchezaji wetu bora na bia yetu bora wote walikuwa na mwajiri Mbelgiji!

Na Mkenya asicheke sana. Tusker nayo kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Diageo ya London, ambayo mwaka 2023 iliongeza hisa zake East African Breweries mpaka asilimia 65.

Kwa hiyo fahari ni ujinga?

Wapo watakaosema basi tuache upuuzi huu, bia zote ni za mabepari, kunywa ulipe uondoke. Mimi sikubaliani nao. Shayiri ya bia inalimwa na wakulima wa Monduli, Karatu na Siha. Kwenye mitambo wapo kaka na dada zetu. Kodi ya kila chupa inaingia Hazina kabla hujaifungua. Serengeti ina kiwanda Moshi, kwa hiyo mji umepata tena moshi wake kwenye bomba. Vitu hivyo ni vyetu, na vinastahili kutetewa. Ila vinatetewa kwa kuuliza maswali, siyo kwa kupiga meza: mkulima analipwa shilingi ngapi kwa kilo, mkataba wa mfanyakazi ni wa muda gani, na wakubwa wakikaa tena mezani kama mwaka 2002, nani atakuwepo kwa niaba ya mji? Mimi ningependa ubishi wa baa ufike huko angalau mara moja kwa mwezi.

Na kama ni bia ya kwetu bila mkopo wa jina, Moshi tunayo. Mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichache. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Gamba la msesewa linatoa ule uchungu wake. Vinachanganywa, na kesho yake kuna kinywaji kwenye kata. Kwa mbege tunaposa, tunazika, tunapatanisha waliogombana kuhusu mpaka wa kihamba. Haina tangazo la televisheni, haijawahi kudhamini timu yoyote, na wanaoipika wengi ni akina mama ambao faida yote ya wiki inatosha ada na sabuni.

Hakuna mtu wa London, Leuven wala Nairobi mwenye hisa kwenye kata ile. Mwaka 2023 CAF ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na nina hakika kampuni zote kubwa zimeshaanza kupiga hesabu za mabango. Serikali za wilaya kule Kilimanjaro zingepiga na hesabu ya mbege: usafi, vyombo, mahali pa kuuzia, kibali kisichomsumbua mama wa watu. Mgeni akiuliza bia ya hapa ni ipi, tuwe na jibu ambalo halihitaji kwanza kuangalia soko la hisa.

Wikiendi njema wadau. Ukinywa, usiendeshe.